Mshika Mafaili ya Katuni

Watu wa Koboko wakisikia kwamba mke wa mwanangu Tahiru anafanya kazi ya katuni huko Arua, wanadhani anachora. Hachori. Shamirah hajui kuchora hata kikombe. Siku moja alijaribu kumchorea mtoto wake kuku, na mtoto akauliza kama ni kiatu. Kazi yake ni nyingine kabisa. Nimeisikia ikielezwa vibaya msibani, harusini na hata nje ya msikiti, kwa hiyo nimeona niieleze mimi, niliyefundisha shule miaka thelathini na moja na niliyekaa kando yake siku mbili nikitazama. Akitajwa yeye, nyumba yetu imetajwa. Afadhali itajwe kwa habari iliyo sahihi.

Alizaliwa Dranya, binti wa mkulima aliyelima mihogo na ufuta. Shuleni hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila madaftari yake yalikuwa na majalada na kila ukurasa una tarehe. Alisomea utunzaji wa kumbukumbu, akapata kazi katika kituo cha afya, chumba cha nyuma ambako kadi za wagonjwa zilikuwa zimerundikwa kama kuni. Mwaka ulipokwisha, ungeweza kumtajia jina la mgonjwa naye akakuletea kadi kabla hujakaa kwenye benchi. Tahiru alimwona hapo. Alikwenda na malaria akarudi na habari za msichana.

Studio ya katuni ni vyumba vitatu juu ya duka la vipuri, katikati ya Arua. Mwenyewe ni Candia, Mlugbara mrefu anayeongea haraka. Mchoraji wake ni Sunday, kijana Mkristo aliyekuja na wazazi wake kutoka Sudan Kusini akiwa darasa la tatu. Wa kuzifanya picha zitembee ni Night Poni, msichana mcheshi ambaye hawezi kukaa dakika tano bila kumtania mtu. Miaka mitatu iliyopita Sunday alihifadhi kazi yake juu ya kazi ya Poni. Mafaili yote mawili yalikuwa na jina moja, na kompyuta ikafanya kama ilivyoambiwa. Kazi ya siku tisa ikapotea. Poni alilia, kisha akakaa wiki nzima hamwiti Sunday kwa jina, anamwita "Mafuriko". Candia akauliza mjini nani anajua kupanga vitu, watu wakamtajia mwanamke wa kadi za kituo cha afya.

Hivyo ndivyo mkamwana wangu alivyoingia katika katuni. Akaweka utaratibu. Kila faili lina jina, namba ya toleo na herufi za aliyelifanyia kazi. Ukibadilisha hata kifungo cha shati, huandiki juu ya la zamani, unafungua toleo jipya. Yaliyokubaliwa yanaingia folda moja aliyoiita Safi, na folda hiyo haiguswi na mtu yeyote isipokuwa yeye. Candia mwenyewe alitia saini sheria hiyo, nayo imebandikwa ukutani. Zaidi ya hapo ana daftari la karatasi, lenye mistari, ambamo kila toleo limeandikwa: lilifika lini, kutoka kwa nani, limebadilika nini, nani amekubali. Nilimuuliza kwa nini daftari wakati kompyuta ipo. Akasema, "Mama, umeme ukikatika, daftari linasomeka."

Sasa niseme kuhusu filamu iliyonipeleka Arua.

Shirika moja la maji lilitaka katuni ya dakika nane ya kufundisha watoto namna ya kupanga foleni na kutunza pampu ya kijiji. Walihitaji mzee mwenye ufunguo wa pampu. Shamirah akataja, kwa sauti ya chini kama kawaida yake, kwamba baba mkwe wake alikuwa mshika ufunguo wa pampu ya mtaa wetu kwa miaka kumi na nne baada ya kustaafu ukarani. Candia akafurahi, akanipigia simu kuomba picha. Nikafikiri siku mbili. Mume wangu Ramathan alikuwa mtu aliyejulikana kuanzia Koboko hadi Oraba, na sikutaka awe kichekesho. Nilituma picha kwa sharti moja: aonekane alivyokuwa anatoka nyumbani kwangu, kanzu safi, kofia imekaa sawa, na kabla filamu haijaenda popote mimi nione.

Mchoro wa kwanza walionitumia kwa simu ulikuwa na kanzu ambayo mfuko wake umechanika. Unaning'inia upande wa kushoto kama sikio la mbuzi, na kila mzee anapopiga hatua, funguo zinaanguka. Sunday aliona itawachekesha watoto. Mimi sikucheka. Niliwaambia wabadilishe au warudishe picha. Walibadilisha, na toleo la kumi na mbili lilipokuja nililikubali. Alikuwa yeye, hata namna ya kusimama. Shamirah akaandika katika daftari: limekubaliwa na Mama.

Hapo palikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria. Katika ukoo wetu mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Halisemi jina lake, haliandiki. Nilimfundisha Shamirah hivyo mimi mwenyewe siku ya pili ya ndoa yake, kama nilivyofundishwa, naye hajakosea hata mara moja, hata baada ya mzee kufariki. Candia hakujua. Tangu siku ya kwanza alilipa faili la mzee wa pampu jina la mtu aliyekuwa kwenye picha: ramathan.

Nilifika Arua siku ya Alhamisi asubuhi. Filamu ilitakiwa iondoke Ijumaa jioni, na Jumamosi ingeonyeshwa Koboko, katika ukumbi, mbele ya watu wa mtaa wetu wote. Nilikuwa nimekuja kutimiza sharti langu la kuona.

"Hajati, karibu," alisema Candia, akaniletea kiti chenye mto. "Leo utaona kitu yote. Kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Hiki ndicho kiti cha bosi," Poni alisema. "Wewe tu ndiyo iko na bahati. Sisi tukikaa hapo tunafukuzwa."

Nilikuwa na maswali mengi na sikuona haya kuyauliza. Niliuliza kama Sunday alimchora mzee upya kwa kila picha, maana waliniambia sekunde moja ina picha ishirini na nne. Shamirah akanieleza kwa kalamu na karatasi. Mzee ametengenezwa mara moja tu, naye anakaa katika faili lake. Filamu imegawanywa vipande arobaini na viwili. Ndani ya kipande hakuna mzee, kuna maelekezo tu: mwite mzee kutoka faili fulani, aje asimame hapa, ainue mkono. Wanaotembeza picha wanatumia umbo la kijivu lisilo na nguo, ili kompyuta isichoke. Nguo zinaonekana mwisho, kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma inapotengeneza picha kamili moja baada ya nyingine. Kazi hiyo wanaiita kurenda, na kipande kimoja kinaweza kula saa mbili.

"Kwa hiyo kipande kinamwita mzee kwa jina la faili," nilisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na faili likibadilishwa jina?"

"Kipande kinaita, hakipati jibu. Au kinapata la zamani."

Nilifurahi kuelewa. Tukakaa sote mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta, filamu ikaanza. Mzee akatoka kwake asubuhi, kanzu nyeupe, ufunguo mkononi. Watoto wamepanga madumu. Akamsalimia mama mmoja. Kisha picha ikageuka upande wa pili wa pampu, na mfuko wa kanzu ulikuwa umechanika.

Picha ikarudi, mfuko mzima. Ikageuka tena, umechanika, funguo zinaanguka chini. Mume wangu alikuwa anashonewa na kuchaniwa kila baada ya sekunde kumi.

"Simamisha," nilisema.

Poni akasimamisha. Sunday alikuwa akitazama vidole vyake.

"Hiyo iko ya zamani," alisema polepole. "Hiyo iko namba sita."

"Namba sita inafanya nini hapa?" Candia aliuliza. "Shamirah, namba sita inafanya nini?"

Mkamwana wangu alifungua daftari. Lote lilikuwa sawasawa. Toleo la kumi na mbili liliingia folda ya Safi tarehe tatu. Akatufungulia na folda yenyewe, na kweli lilikuwemo. Lakini aliliingiza kwa jina alilolichagua yeye, mshikaufunguo, na jina la zamani likabaki pale kando likiwa na toleo la sita, lenye mfuko uliochanika, ambalo Candia alilikubali kabla mimi sijalikataa. Vipande thelathini na kimoja alivifungua kimoja kimoja na kuvielekeza kwenye jina jipya. Baada ya hapo Sunday alileta vipande kumi na kimoja alivyokuwa bado anavifanyia kazi, na vilitoka kwenye nakala yake ya zamani, vikaingia Safi bado vinaita jina la zamani.

"Lakini kuna kutafuta," Candia alisema. "Unaandika jina ya zamani, kompyuta inakuonyesha nani bado anaita. Hiyo wewe umetufundisha. Iko kwenye ukuta pale, namba tano."

Shamirah akafunga daftari.

"Hukutafuta?"

"Nilikagua kwa macho."

"Kwa macho? Wewe?" Candia hakuwa mkali, alikuwa ameshangaa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hii kazi tunakupa kwa sababu hukagui kwa macho."

"Waziri wa mafaili naye amekuwa Mafuriko," Poni alisema, kisha akajutia maneno yake, nikamwona.

Nilimtazama Shamirah. Mikono yake ilikuwa juu ya daftari, uso ameuinamisha. Hata mimi nilikuwa nimekasirika, maana nilikuwa nikiona ukumbi wa Koboko umejaa na watu wanacheka. Ndipo nikaona kile kisanduku kidogo cha kutafutia juu ya kioo, kitupu, kinangoja jina. Nikaelewa. Kila neno katika kompyuta ile angeweza kuliandika isipokuwa hilo moja, na ni mimi niliyemkataza. Asingewaeleza wanaume wale, maana kueleza nako ni kulisogelea jina. Angeacha wamdhanie mvivu.

"Candia," nilisema, "jina hilo ni la baba mkwe wake. Kwetu mkamwana haliandiki."

Candia akashika kichwa. "Miezi minne. Miezi minne mimi naita hii faili hapa ndani kama naita ng'ombe. Shamirah, kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?"

"Basi mimi naandika. Nipishe." Akavuta kibodi.

Shamirah akaweka mkono juu ya kibodi hiyo. "Bosi, folda ya Safi."

"Folda iko yangu."

"Saini nayo iko yako." Alisema kwa upole, lakini mkono hakuuondoa. "Siku ile ulisema, hata mimi Candia nikikuomba, kataa."

Sunday akacheka kwa pua. Candia akamtazama, naye akaacha.

Niliona nimwondolee mzigo. "Shamirah, nakuruhusu," nilisema. "Mimi ndiye niliyekufunga, mimi ninakufungua. Liandike."

Alifikiri. Sikutegemea afikiri, nilidhani atashukuru. "Mama, ukiniruhusu leo kwa sababu ya haraka," alisema, "kesho haraka nyingine itaniruhusu. Na folda nayo ni hivyo hivyo."

Ndivyo ningesema mimi darasani.

Akainuka kitini. "Mama akae hapa. Atakuwa mkono wangu. Nitakaa kando, nitaangalia, na nitaandika kwenye daftari kwamba yaliyofanyika yamefanyika kwa mkono wake."

"Mimi sijui kompyuta hizi."

"Unajua kuandika jina."

Nikakaa. Aliandika katika daftari kwanza: tarehe, saa, jina langu, Medina, na sababu. Kisha akaniambia nianze. Nilibonyeza herufi moja moja. Miaka sita sikuwa nimeliandika jina la mume wangu mahali popote, tangu karatasi za mirathi. Nilipomaliza, kompyuta ikaleta orodha, vipande kumi na kimoja, kama Shamirah alivyohesabu. Akanionyesha pa kubonyeza ili kila kimoja kiachie jina lile na kishike jipya. Baada ya kila kimoja alinitaka nifungue, nitazame kofia, vifungo na mfuko, kisha niseme "ndiyo" ndipo aandike. Kipande cha tano nilisema ndiyo haraka, akanirudisha. Nilikuwa nimetazama mfuko nikasahau vifungo. Sijakaguliwa namna hiyo tangu mkaguzi wa shule wa mwaka wangu wa kwanza wa kazi.

Ilipofika saa saba mchana orodha ilikuwa tupu. Poni akavipeleka vipande chumba cha nyuma vianze kurendwa.

Faili la zamani lilibaki pale peke yake, halina anayeliita. "Sasa futa hilo," nilimwambia.

"Hapana, Mama."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe kuniambia neno hilo. Sunday akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Unaliweka la nini? Ni aibu tupu."

"Hatufuti, Mama. Faili likifutwa, hatujui tena tulipita wapi. Namba sita likiondoka, namba kumi na mbili halina sababu." Alinifungulia folda nyingine, iliyojaa vitu vilivyokataliwa: mbuzi mwenye miguu mirefu, pampu isiyo na mpini, mama mwenye sura ya Candia. Kila kimoja kilikuwa na maelezo. Akaniambia nilisogeze namba sita huko kwa mkono wangu, kisha akaandika maelezo yake: lisitumike, familia haikukubali. "Hapa halitoki bila mimi," alisema.

Nilisoma maneno yale mara mbili. Nilitaka kubishana, lakini nilijiuliza kwanza ni wapi pengine mjini Arua au Koboko ambapo kukataa kwa familia yetu kumeandikwa na kuwekewa tarehe.

Ijumaa alasiri vipande vyote vilikuwa tayari. Nilivitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, filamu ikaondoka.

Jumamosi ukumbi wa Koboko ulijaa hadi madirishani. Tahiru alikuja kutoka kazini kwake Oraba, mpakani, na vumbi la malori bado liko viatuni. Shamirah alikaa kando yangu, na sidhani kama aliiona filamu hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko. Kila mzee alipoingia kwa upande wa pili wa pampu, midomo yake ilihesabu, moja, mbili, tatu. Ilipofika kumi na moja alishusha pumzi, akaniegemea kidogo begani, jambo ambalo hafanyi mbele ya watu.

Watu walipiga makofi. Watoto waliigiza foleni hapo hapo nje. Wazee walikuja kunipa mkono, na wa mwisho alikuwa Wahabu, aliyefanya kazi na mume wangu ofisi moja.

"Hajati, wamempata," alisema. "Kabisa wamempata. Ila jambo moja."

"Jambo gani?"

"Mfuko. Ramathan gani huyo ana mfuko mzima? Na zile funguo zake? Kila Ijumaa tunamwokotea njiani."

Waliokuwa karibu wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa cha watu wanaomkumbuka mtu. Tahiru alicheka kuliko wote. Nilisema kwamba mambo ya kushona yalikuwa ya ndani ya nyumba, na kwamba alipotoka kwangu asubuhi mfuko ulikuwa mzima. Hilo ni kweli. Niliushona mimi, karibu kila Alhamisi.

Shamirah alikuwa amekwisha toa daftari mkobani. Nikamtazama. Kalamu ilikuwa imefunguliwa, naye akiningoja, kama alivyoningoja kwenye kile kipande cha tano.

"Andika," nilisema. "Andika kwamba mtazamaji mmoja ameuliza kuhusu mfuko."

"Na jibu la familia?"

"Jibu bado."

Akaandika hivyo hivyo, jibu bado, akaweka tarehe.

Jumatatu asubuhi, nikijua anafika kazini saa mbili, nilimpigia Shamirah simu. Nikamuuliza kama lile faili namba sita bado lipo. Akasema lipo, halijaguswa. Nikamwambia achukue daftari. Nikasikia kurasa zikigeuka.

"Nimechukua, Mama."

"Mwambie Sunday alikosea," nilisema. "Mfuko uliokuwa unachanika ni wa kulia."